Kipande Kisicho na Fundo

Nina duka la steshenari Kwa Mathias, hapa Kibaha, na kwa miaka mingi nimejiona mtu wa maana kuliko nilivyo. Nalisema hilo mapema ili nisionekane najipendelea. Watu huja kwangu kuchapa barua, kutoa fotokopi, kuskani vyeti, kuombewa kazi na vyuo mtandaoni. Nje ya mlango nimeegemeza ubao wa plaiwudi, na kila tangazo ninalodhani litamfaa mtu nalichapa na kulibandika pale: nafasi za kazi, mafunzo ya muda mfupi, siku za chanjo, mbuzi aliyepotea. Asubuhi magari yakishusha watu, wapo wanaopita kwanza kwenye ubao wangu kabla hawajaenda kunywa chai. Mimi niko ndani nawatazama dirishani, kichwa kimevimba.

Nilikuwa na imani moja tu kuhusu maisha, nayo ilikuwa fupi. Aliyepata, kapata kwa sababu aliliona tangazo. Aliyekosa, hakuliona. Kwa hiyo mtu akija kuuliza habari za nafasi iliyofungwa wiki mbili nyuma, simhurumii. "Dada, ile nafasi bado ipo?" Namjibu, "Ile nafasi imeshaota mvi, baba. Ulikuwa wapi?" Watu wanasema nina mdomo. Kweli ninao, na haya ninayotaka kuyasimulia yalianzia kwenye mdomo huo na kalamu yake.

Tangazo lenyewe lilikuja Jumatatu. Chuo kimoja cha ufundi hapa hapa Kibaha kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ususi wa mikeka. Nililisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Cheti hakikuwa lazima. Kilichotakiwa ni mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, ajaze fomu, alete sampuli za kazi yake, aje kwenye usaili. Nilipiga ukelele mpaka mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi ya kitambulisho akaruka. "Kuna nini, mama?" Nikamwambia, kuna dada yangu.

Dada yangu huyo ni binti wa mama mkubwa, yaani dada yake marehemu mama yangu. Walikuwa wakiishi wawili tu Msimbu, kule Kisarawe, katika nyumba niliyokulia mimi mpaka nilipokuwa na miaka kumi, nilipochukuliwa na baba mdogo kuja kusoma Kibaha. Dada ana miaka hamsini na kitu. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi kwao na begi moja, na tangu hapo ni yeye na mama yake, shamba la mihogo, na mikeka. Na mikeka yao, nisikudanganye, hujaiona. Ipo mikeka ya kukalia, na upo mkeka ambao mgeni akiuona anavua viatu kabla hajaambiwa. Dada yangu anasuka huo wa pili.

Ila jambo alilolitaka mwenyewe lilikuwa jingine. Alitaka kufundisha. Aliniambia mara moja tu, tukitwanga kisamvu, macho yake yako kwenye kinu. Kwamba tangu akiwa shule ya msingi, alikoishia darasa la saba, alikuwa akiwatazama walimu wamesimama ubaoni na watoto wamewakodolea macho, na alikuwa akijiuliza raha ile ikoje, watu kukusikiliza wewe mpaka mwisho. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Yule mume ndiyo kabisa, alikuwa akiondoka katikati ya sentensi. Basi mimi niliposoma lile tangazo nilimwona dada amesimama, chaki mkononi, na kanga yake nzuri.

Nilianza kwa kulitupia kwenye grupu la ukoo. Loo! Saa moja haijaisha nimepata mashaallah kumi na moja, viganja vya dua havihesabiki, na binamu mmoja akauliza kama chuo hicho kinahitaji na dereva. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu kwenda kumwambia mwenyewe, na mwenyewe ana simu ya kitochi. Ndivyo magrupu yetu yalivyo, habari inafika kwa kila mtu isipokuwa anayehusika. Jumatano nikafunga duka, nikabadilisha magari mara mbili na bodaboda juu yake, nikaenda Msimbu mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu kilichoko nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkubwa. Kuna shada la vipande vya ukili. Ukili ni ule mkanda mwembamba wa ukindu unaosukwa kwanza, kisha mikanda mingi ndiyo inaunganishwa kwa sindano ikawa mkeka. Kila kipande cha lile shada kina urefu wa dhiraa, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kila kimoja kina nakshi yake na jina lake. Mwanamke akitaka kusuka mkeka wa harusi ya binti yake, anapiga hodi, anaomba shada, wanakaa na mama mkubwa wanachambua kimoja kimoja. Hii inaitwaje, inaanzia wapi, nani aliileta. Mtu asiyejua hata alifu anasoma pale na kuelewa. Mimi nimeishi na mafaili maisha yangu yote ya ukubwani, yana rangi, yana namba, na bado nikitafuta karatasi ya mtu natoka jasho. Mama mkubwa anapitisha mkono nyuma ya mlango, anatoka na kile kile ulichokitaka.

Saba kati ya vipande vile alivisuka dada yangu, na nakshi zake alizitoa kichwani mwake. Msimbu nzima inajua, na Msimbu nzima hailisemi. Kuna moja inaitwa Bati Jipya. Kuna Nguzo za Umeme. Kuna Foleni, aliyoitunga baada ya kuja kunitembelea akakwama njiani mchana kutwa: mistari myeusi na myekundu, inasogea kidogo, inasimama, inasogea tena kidogo. Ukiitazama unasikia hamu ya kushuka ukatembee. Lakini muulize dada ni za nani. "Za mama," atakwambia. Mama mkubwa ambaye amekataa katakata kuingiza umeme ndani kwake, eti ndiye katunga Nguzo za Umeme! Mimi nilijua ni adabu tu, yale mambo yetu ya mtu kujishusha mpaka anapotea kabisa. Yalikuwa yananiudhi tangu zamani.

Basi tulikaa barazani tukajaza fomu. Jina, umri, kijiji, tulikwenda vizuri. Tukafika mahali palipoandikwa: eleza ubunifu wako mwenyewe.

"Andika nimefundishwa na mama," dada akasema.

"Hawajauliza umefundishwa na nani."

"Wewe andika hivyo hivyo."

Nikaandika nilivyotaka mimi. Kwa herufi kubwa, zenye kusomeka: amebuni nakshi mpya saba, na majina yake yote saba. Sikumsomea. Nilimsukumia karatasi nikamwonyesha pa kusaini, akasaini bila kuangalia, kwa sababu mdogo wake ndiye aliyeandika. Hilo mpaka leo nikilikumbuka najisikia vibaya.

Siku ya usaili nilifuatana naye. Alivaa baibui jipya, akajipaka manukato kidogo, na zile nakshi saba akaja nazo kwenye mikeka midogo aliyoisuka kwa ajili ya siku ile. Waliomsaili walikuwa watatu, mkubwa wao mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Sikujificha. Nilikaa tu mahali panaposikika.

Walimpa ukindu asuke mbele yao. Nikasikia kimya kile cha watu wanaotazama vidole vya fundi, kisha mwanamume mmoja akasema taratibu, "Aisee." Nikajua tumepata. Nilikuwa nimeshaanza kupanga atalala chumba gani kwangu.

Halafu yule mama akasema, "Hapa kwenye fomu umetaja nakshi saba. Tumezipenda sana. Umezibuni mwenyewe?"

"Hapana, mama," dada akajibu. "Ni za mwalimu wangu. Mimi nafuata tu."

"Lakini hapa umeandika ni zako."

"Aliyeandika ni mdogo wangu. Mniwie radhi. Anaipenda sana kalamu."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze na benchi lake. Yule mama hakumkaripia. Alimwambia kwamba kazi ni nzuri, ila fomu inasema hivi na mdomo unasema vile, na wao hawawezi kuchukua vyote viwili. Akampa wiki mbili. Kama nakshi ni zake, alete barua ya huyo mwalimu wake inayosema hivyo. Kama si zake, basi, watashukuru na kuendelea na wengine.

Tulipotoka getini nilimwaka. Nilisema yote. Kwamba amenidhalilisha, amejidhalilisha, kwamba watu wanalia hapa mjini kutafuta nafasi hata ya kufagia, na yeye kapewa kiti akakisukuma kwa mguu. "Kwa nini ukajikana mbele za watu? Kwa nini?" Waendesha bodaboda wote wa kijiweni wakageuka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia.

"Uliondoka Msimbu mapema," akasema.

"Ndiyo umenijibu nini sasa?"

"Ndiyo nimekujibu. Twende, jua kali."

Sikumwelewa na sikujali. Mimi nilishasikia neno barua, na barua ni kazi yangu. Keshokutwa yake nilimngoja dada aende Mzenga kwenye msiba wa shemeji yetu, nikachapa barua dukani kwangu kwa lugha iliyonyooka, nikaichukua Msimbu na kidau cha wino wa dole gumba kwenye mkoba. Nilikuwa natembea najipongeza. Wengine wanalalamika, mimi natenda.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja mwenzio hayupo?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ukili mapajani. Ameshapita miaka themanini. Miguu inamsumbua, macho yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu, lakini vidole vinakwenda vyenyewe, wala haviulizi. Nikamweleza habari ya chuo, usaili, na barua. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea: kwamba yeye ndiye mwalimu wa msusi huyu, kwamba nakshi zifuatazo saba si zake yeye bali ni za binti yake, na kwamba anathibitisha hivyo kwa hiari yake akiwa na akili timamu. Hiyo ya akili timamu niliiongeza kwa mazoea tu.

 Vidole vilikuwa vimesimama.

"Walipomuuliza," akasema, "yeye alijibuje?"

"Aibu tupu, mama mkubwa! Alisema hapana, ni za mwalimu wangu."

"Alisema hivyo? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu watatu."

Akachukua ncha ya kanga akajifuta uso, akarudia kujifuta. Mimi nikadhani ni jasho, jinsi nilivyokuwa mpumbavu. Kisha akasema, "Lete wino wako."

Akabandika dole gumba kwenye karatasi, akalikandamiza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Baada ya hapo akaokota kisu, akaukata ule ukili aliokuwa anausuka, haujafika hata pima mbili, akapiga fundo mwishoni. Akaniambia nimshushie shada. Akavichomoa vile vipande saba kwa kuvigusa tu, na mwisho wa kila kimoja akapiga fundo. "Mpe mwenzio," akasema. "Mwambie nimeridhia." Nilimbusu mkono nikatoka pale naimba. Barua niliipeleka chuoni kesho yake asubuhi kabla sijafungua duka.

Dada aliporudi msibani alipitia kwangu. Nilimwekea vile vipande saba juu ya kaunta kwa mbwembwe, kama mtu anayempa bibi harusi zawadi. Akavitazama. Akashika mwisho wa kimoja, akalitia fundo kati ya vidole, akashika cha pili, cha tatu. Akakaa chini sakafuni pale pale, katikati ya wateja, akalia.

"Umefanya nini?" akasema. "Mdogo wangu, umefanya nini?"

Niliwatoa wateja nje nikafunga mlango. Ndipo aliponieleza, na nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu sijui namna bora zaidi. Kwetu, msusi hana nakshi yake maadamu mwalimu wake bado anasuka. Atabuni, atasuka, watu watajua, lakini jina linabaki la mwalimu. Siku mwalimu akitamka kwamba hii ni yako, amekutoa uanafunzini, na anakufungia fundo kwenye kipande chako. Na mwalimu akishamtoa mwanafunzi wake wa mwisho, anafunga fundo na kwenye kazi yake mwenyewe, anaweka mikono chini. Hasuki tena.

"Hata mkeka wa kuswalia?"

"Hata wa kuswalia."

"Na wewe ndiye wa mwisho?"

"Baada yangu nani tena alikuja kujifunza? Wote mmekwenda Kibaha."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeyaona yale mafundo nikadhani ni ya kuzuia ukili usifumuke.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza, na hapo na mimi machozi yananitoka. "Kwa nini ukaniacha nikutukane barabarani?"

"Ningekwambia ungeliandika kwenye fomu."

 Ni kweli ningeliandika, tena kwa herufi kubwa.

"Macho yake yamekwenda," dada akasema. "Miguu imekwenda. Alichobaki nacho ni vidole. Mimi nimnyang'anye mama vidole vyake ili niende nikasimame ubaoni?"

Siku tatu baadaye chuo kikapiga simu. Amepata. Dada hakutaka kwenda. Tulikwenda wote wawili Msimbu kumwambia mama mkubwa, na dada akapiga magoti akamwambia ile barua ataifuata airudishe. Mama mkubwa akamkatiza. "Nimeshafunga fundo mimi. Ukikaa hapa nitakuwa nimefunga bure. Nenda kafundishe." Alisema kwa ukali, na dada akainuka, maana mama mkubwa si mtu wa kubishana naye.

Kwa hiyo dada sasa anaishi kwangu siku za kazi. Mwezi wa kwanza nilikwenda chuoni kwa kisingizio cha kupeleka karatasi, nikachungulia darasani. Alikuwa amesimama mbele, na wanafunzi kama ishirini wamekaa chini na ukindu mikononi, na kila jicho liko kwake. Alikuwa anaeleza namna ya kuanza Foleni. Hakuna aliyemkatiza. Alisema sentensi yake mpaka mwisho, akatulia, akaanza nyingine. Nilirudi dukani nikashindwa kubandika tangazo lolote siku ile.

Ila Msimbu, jamani. Nilikwenda Jumapili moja nikamkuta mama mkubwa kwenye kigoda kile kile, na sinia la choroko mapajani. Alikuwa anachambua choroko. Jirani anayempikia akaninong'oneza jikoni, "Zimeshachambuliwa hizo. Namchanganyia na mawe nampa tena, ili apate la kufanya." Ukindu wake wote uliokuwa darini, ulioanikwa na kutiwa rangi, alikuwa amewagawia watu. Nilikaa mbele yake nikatazama vidole vile vinavyotafuta jiwe kwenye choroko, na nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi. Nilitaka kusema nisamehe. Nikaona neno lenyewe dogo.

Nikaenda nyuma ya mlango, basi tu, kukimbia macho ya watu. Shada lilikuwa limepungua. Nikawa navipitisha vipande mkononi, vyote vina fundo, vya wanawake waliokwishakufa, kimojawapo cha mama yangu. Nikafika kwenye kimoja kifupi. Hakikufika hata shibiri mbili. Kilikuwa kibaya, kimepinda, ukingo mmoja umekazwa na mwingine umelegea, na mwisho wake hakina fundo. Kimefungwa kwa uzi tu, kama mtu aliyesema ngoja kwanza.

Nilikijua. Nilikuwa nakisuka wiki ile baba mdogo alipokuja kunichukua. Nilikitupa uani nikakimbilia gari.

Nimesema kazi yangu ni fomu. Miaka yote nimekuwa nikitafuta kile kipengele kidogo kitakachompitisha mtu ambaye karatasi imemkataa. Nilitoka na kile kipande nikamwekea juu ya choroko zake.

"Mama mkubwa, naomba kuuliza. Mwalimu akiwa na mwanafunzi ambaye hajamaliza, anaruhusiwa kuweka mikono chini?"

Alikishika. Akakipapasa mpaka mwisho, akaugusa ule uzi.

"Haruhusiwi," akasema polepole.

"Basi mimi sijamaliza."

"Weye!" Akaanza kucheka, mabega yanatikisika mpaka choroko zikamwagika. "Miaka yote hii! Kipande kibaya kuliko vyote nyumba hii, nakificha wageni wasikione, na leo unakuja kudai uanafunzi wako!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii nilijua ni machozi. Kisha akampigia kelele jirani yake jikoni. "We mama! Nirudishie ukindu wangu!"

Tangu siku ile nakwenda Msimbu kila Jumapili ya pili. Ukili haufundishwi kwa mdomo, kwa hiyo mwalimu lazima asuke pembeni yako uone. Mimi nikisuka vidole vinne, yeye ameshamaliza pima. Mkeka wake wa kwanza tangu afunge fundo umeshatandikwa sebuleni kwangu, na anayeukanyaga na viatu ananijua. Mimi sijui kusuka na sitakuja kujua. Mama mkubwa anawaambia watu wote wanaopita barazani kwamba mtoto wa marehemu mdogo wake ana kichwa kigumu haijapata kutokea, na anasema kwa fahari kabisa.

Tatizo ni kwamba hata mwenye kichwa kigumu, akisuka sana, siku moja anafika dhiraa, na hapo hawezi tena kusema hajamaliza. Jumapili iliyopita nilipima, nikaona nimebakiza vidole viwili tu. Nilikaa nao mkononi sijui nifanye nini.  Mama mkubwa aliunyoosha mkono wake, akaupapasa ukili wangu mara moja, kisha akaurudisha. Nikasema nakwenda kunywa maji mtungini, nikanywa kikombe kimoja, nikasimama kidogo kule.

Niliporudi nilikuta kipande changu kimefumuliwa nusu. Miaa ya ukindu imetawanyika kote mkekani. Mama mkubwa alikuwa anasuka ukili wake, uso ameuelekeza barabarani.

"Panya," akasema.

"Mchana huu, mama mkubwa?"

"Panya wa siku hizi hawachagui saa. Kaa hapa uanze upya, na safari hii kaza ukingo."

Nikakaa.